Nitapata Wapi Nafasi ya Mazoezi?



Juma lililopita nilialikwa kwenye darasa la kisomo cha jioni. Nilizungumza juu ya ugonjwa wa presha. Nilipomaliza, fundi cherehani mmoja alinyoosha mkono. Akasema: "Dokta, umetuambia tufanye mazoezi. Mimi nashona toka asubuhi mpaka jioni. Jioni nakuja hapa kusoma. Nikifika nyumbani ni usiku. Nitapata wapi nafasi ya mazoezi?"

Watu walicheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe nilikuwa na swali hilo hilo. Mara ya kwanza nililijibu vibaya, na nusura mtoto wa mtu adhurike. Habari hiyo nitaeleza baadaye kidogo. (Tena mimi si daktari. Ni mganga msaidizi mwenye cheti. Lakini kijijini kila mwenye koti jeupe huitwa dokta.)

Mazoezi ni kitu gani?

Tuanze na moyo. Moyo ni msuli. Kazi yake ni kusukuma damu, kama pampu ya kisima inavyosukuma maji. Unapotembea haraka, misuli ya miguu hutaka chakula na hewa zaidi. Vitu hivyo hubebwa na damu. Kwa hiyo moyo hupiga haraka ili damu ifike upesi. Ukifanya hivyo mara kwa mara, moyo hupata nguvu. Pigo lake moja husukuma damu nyingi kuliko zamani, na hauchoki upesi.

Kuna faida nyingine. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu. Kwa hiyo mtu anayetembea kila siku hujikinga na ule ugonjwa wa kisukari unaowapata zaidi watu wazima. Presha yake pia hushuka kidogo. Hata usingizi wake huwa mzuri.

Hebu jaribu jambo hili. Kaa kimya kwa dakika 5. Kisha weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Utasikia mshipa unapiga. Tazama saa, uhesabu mapigo kwa dakika 1. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Andika hesabu yako katika daftari. Sasa tembea haraka kwa dakika 5, kisha hesabu tena. Andika na hesabu ya pili. Utaona imepanda. Hapo moyo umefanya mazoezi.

Mwaka 1973 wazee wetu walisoma katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kujikinga na malaria, kichocho na kuhara. Mambo hayo bado tunayahitaji. Malaria haijaondoka. Lakini siku hizi kwenye zahanati tunaona na wagonjwa wengine. Mwenye duka anakuja na presha. Mwenye mashine ya kusaga anakuja na kisukari. Watu hawa hukaa kutwa nzima. Kwenda kazini wanapanda bodaboda, na kurudi wanapanda bodaboda. Zamani mtu wa hapa kwetu alikwenda mnadani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wala hakujua kwamba alikuwa anafanya mazoezi.

Kipimo chake

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Mwongozo huo unasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Akifanya mazoezi ya nguvu, kama kukimbia, zinatosha dakika 75 hadi 150. Pia siku 2 au zaidi katika wiki afanye kazi ya kukaza misuli, kama kunyanyua vitu vizito.

Utajuaje kama mazoezi yako ni ya wastani? Tumia mdomo wako. Ikiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Ikiwa unasema maneno machache tu kisha unahema, hayo ni ya nguvu. Ikiwa unaimba vizuri, bado hujaanza.

Nilipoeleza hivyo darasani, fundi wetu alipinga. Akasema: "Lakini mimi nakanyaga cherehani kutwa nzima! Miguu yangu haitulii." Nikamwuliza: "Je, ukiwa unashona unaweza kuimba?" Akasema: "Naimba toka asubuhi." Darasa zima likacheka, naye akacheka. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

Basi tukaenda ubaoni. Nikamwuliza, toka nyumbani kwake mpaka kibandani kwake sokoni ni mwendo gani kwa miguu? Akasema dakika 15, lakini yeye hupanda bodaboda. Tukaandika:

15 + 15 = 30
30 x 6 = 180

Yaani, akitembea kwenda na kurudi ni dakika 30 kwa siku. Anafanya kazi siku 6. Jumla ni dakika 180 kwa wiki. Kipimo cha chini ni 150. Amekivuka, wala hakuongeza saa hata moja katika siku yake. Anatakiwa atembee kwa haraka tu, kama mtu anayewahi basi. Zamani ilifundishwa kwamba mazoezi yasipungue dakika 10 kwa mfululizo. Mwongozo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Hata dakika 5 zinahesabiwa. Jambo hili ni la msaada sana kwa mtu mwenye kazi nyingi.

Kosa langu

Sasa nieleze habari yangu. Mimi napenda kukimbia toka nilipokuwa shuleni, kwenye mchakamchaka. Nikikimbia nafurahi, basi. Nilipoajiriwa nikaacha. Asubuhi ni wagonjwa, mchana ni wagonjwa, na jioni ni vitabu. Nataka kwenda kusomea stashahada, lakini alama zangu za Fizikia za kidato cha nne hazikutosha. Kwa hiyo nimejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia huko Tokyo, Japani. Ndiye Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Walitofautiana kwa chini ya sekunde moja. Hapa kijijini vijana walisimuliana habari hiyo usiku kucha. Asubuhi yake tulikuwa zaidi ya ishirini barabarani, tunakimbia na kuimba. Wiki ya pili tulibaki wanne. Wiki ya tatu nilibaki peke yangu.

Nilijipangia ratiba ya kishujaa. Kuamka saa 10 usiku. Kusoma Fizikia mpaka saa 11 na nusu. Kukimbia mpaka saa 12 na nusu. Saa 1 na nusu kufungua zahanati. Jioni kusoma tena mpaka saa 5 usiku. Niliibandika ratiba hiyo ukutani na kuitazama kwa fahari. Hesabu yake sikuifanya. Toka saa 5 usiku mpaka saa 10 usiku ni saa 5 tu za kulala. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi.

Siku za kwanza nilijiona hodari. Kisha nikaanza kusinzia juu ya kitabu. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu nisiukumbuke. Nikawa mkali kwa wagonjwa. Bibi mmoja alinieleza maumivu yake ya mgongo, nami nikamkatiza kabla hajamaliza. Alinyamaza, akachukua fimbo yake akaondoka. Sikumwona tena mwezi mzima.

Ikafika siku ya Alhamisi, wiki ile ya tatu. Mama mmoja alileta mtoto mwenye homa. Nilimpima, nikakuta ana malaria. Kadi yake ilionyesha uzito wa kilo 9. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya kilo 15 hupewa dawa ya mseto kidonge 1 kila mara, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Mimi niliandika vidonge 2 kila mara. Hicho ni kipimo cha mtoto wa kilo 15 mpaka chini ya 25. Macho yangu yaliona 9, mkono wangu ukaandika mengine.

Nesi wetu, mama wa makamo, ndiye aliyekuwa anatoa dawa. Alirudi na karatasi, akaiweka mbele yangu. Hakunikemea mbele ya watu. Alisema kwa sauti ndogo: "Mwanangu, hebu soma tena hii kadi." Nikasoma. Mwili ukanisisimka. Nikaandika upya. Mtoto alipewa dawa yake sawasawa, na siku ya nne mama yake alimleta akiwa anacheka. Lakini mimi najua ilivyokuwa.

Jioni ile nesi aliniambia: "Mbio zako ni nzuri, masomo yako ni mazuri. Lakini unayalipia kwa usingizi, na deni analilipa mgonjwa." Nikaenda nyumbani nikabandua ile ratiba. Nililala saa 3 usiku, Fizikia au hakuna Fizikia.

Nilivyopanga upya

Jumamosi nilichukua karatasi nyingine. Safari hii sikuandika nitakayofanya. Niliandika ninayofanya tayari, saa kwa saa, kwa siku tatu. Na wewe uliyejifunza kuandika, nakuomba ufanye hivyo kabla ya kupanga mazoezi yoyote. Usiandike uongo. Kama umekaa kijiweni saa nzima, andika saa nzima.

Nilianza kwa kuweka usingizi, toka saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 7, na siziibi tena. Kisha nikatazama karatasi. Nyumbani kwangu mpaka zahanati ni kilometa 2 na nusu. Nilikuwa napanda bodaboda kwenda na kurudi. Kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, ni dakika 25. Kwenda na kurudi ni dakika 50, na kwa siku 5 ni dakika 250. Mazoezi yangu yalikuwa pale barabarani siku zote, nami nilikuwa nayapita juu ya pikipiki! Na nauli ilikuwa shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Shilingi 10,000 kwa wiki sasa zinabaki mfukoni.

Kutembea huko kumenisaidia hata masomo. Alfajiri nasoma saa moja na nusu, akili ikiwa bado haijachoka. Halafu naandika kanuni tatu kwenye kipande cha karatasi, naziweka mfukoni. Njiani nazikariri. Nikisahau natoa karatasi. Watoto wa shule wakinikuta nasema peke yangu wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Mbio sikuziacha, kwa sababu ndizo ninazozipenda. Ila sasa ni siku 2 tu, Jumanne na Jumamosi jioni, kwa dakika 30 kila mara. Jumanne kukiwa na mgonjwa wa dharura, mbio zimekufa, wala sizilipi Jumatano. Nahesabu wiki, sihesabu siku. Hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Zamani nikikosa siku moja nilijiona nimeshindwa, nikaacha kabisa. Kwa misuli, nachota maji mwenyewe. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Madumu mawili, moja mkono huu na moja mkono huu, toka kisimani mpaka mlangoni. Jaribu uone.

Na wakulima je?

Darasani mama mmoja alisimama akiwa na mtoto mgongoni. Akasema: "Mimi nalima, nachota maji, natafuta kuni, natwanga. Sasa unataka nikimbie pia?"

Hapana, mama. Wewe umeshavuka kipimo chako kabla jua halijawa kali. Kulima kwa jembe la mkono ni mazoezi ya nguvu. Unachohitaji wewe ni kupumzika, kula vizuri, na kupata mtu wa kukusaidia mzigo. Nilitazama upande wa wanaume nikasema: baba anayetafuta mazoezi ya misuli asiende mbali. Achukue baiskeli, afunge madumu matatu, aende kisimani. Wanawake walipiga makofi. Wanaume wengine walitazama chini. Sijui kama wamekwenda kisimani, lakini nimeyasema.

Tena mazoezi ya mkulima yana msimu. Wakati wa kulima na kupalilia hahitaji kitu kingine. Lakini pamba ikishavunwa na kuuzwa, wengine hukaa chini ya mti miezi mitatu. Chakula ni kingi, pombe nayo ipo. Mwili uliozoea jembe unakaa bure. Wakati huo ndio wa kutembea, kuendesha baiskeli, na kucheza ngoma. Ngoma ni mazoezi mazuri sana. Mtu anayecheza bugobogobo na jembe lake kwa nusu saa hana haja ya kuniuliza habari za mazoezi.

Juu ya mpira nina neno moja. Wapo watu wazima wanaokaa wiki nzima, kisha Jumapili wanaingia uwanjani na kucheza dakika 90 pamoja na vijana. Jumatatu nawapokea zahanati, mmoja goti, mwingine msuli umechanika. Kama unapenda mpira, tembea katikati ya wiki. Na kabla ya kuingia uwanjani, tembea na kukimbia polepole kwa dakika 5 au 10 ili mwili upate joto. Wanaokaa kando ya ziwa wananiuliza juu ya kuogelea. Ni mazoezi mazuri, lakini maji ya ukingoni yenye majani na konokono yana kichocho. Mimi siwezi kumshauri mtu akaogelee humo.

Wanaotakiwa kuja kwanza zahanati

Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, njoo tuzungumze kabla ya kuanza kukimbia. Kutembea polepole unaweza kuanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa atembee na sukari au peremende mfukoni, maana akitetemeka, akitokwa jasho la baridi na kuona giza, sukari yake imeshuka na anatakiwa ailambe mara moja. Avae viatu, na jioni atazame nyayo zake kama zina kidonda. Mama mjamzito anaweza kutembea, lakini aulize kliniki kwanza. Mwenye homa asikimbie. Homa haitoki kwa jasho, hayo ni maneno ya mitaani. Aje apimwe, apone, apumzike siku kadhaa, ndipo aanze tena kidogo kidogo.

Na mtu yeyote akiwa katika mazoezi akasikia kifua kinabana, au maumivu yanakwenda kwenye mkono au taya, au anaona kizunguzungu, asimame hapo hapo. Asiseme atamalizia mzunguko mmoja. Aletwe zahanati upesi. Na asiendeshe pikipiki mwenyewe.

Usinunue raba za bei kubwa ili uanze. Viatu vya kawaida vinavyokukaa vizuri vinatosha kwa kutembea. Kandambili hazifai kwa kukimbia, zinaangusha. Usianze na dakika 30 kama hukuzoea. Wiki ya kwanza dakika 10 kwa siku, wiki ya pili 15, na kuendelea.

Fundi cherehani alipita zahanati juzi. Alisimama mlangoni, jasho linamtoka, hakuingia. Alisema ametumia dakika 17, si 15, kwa sababu watu wanamsimamisha njiani kumwuliza nguo zao. Nikampima presha. Imeandikwa kwenye daftari lake, na Jumatano ya mwisho wa mwezi tutapima tena, tulinganishe.

Mimi mtihani wangu ni mwezi wa Novemba. Nimeshaandika ukutani: wiki mbili za mtihani, hakuna mbio, kutembea tu, na kulala saa 4.